Hesabu ya Pili

Kuielewa sheria ya kuotea kwenye mpira kulinigharimu kikombe cha chai na mandazi mawili, katika hoteli moja hapo Kambu. Kutokuielewa mapema kulimgharimu kaka yangu Kioko miaka minne ya sekondari. Nimepiga hesabu hiyo mara mbili, na inatoka vilevile.

Hata leo nikinusa jivu lililomwagiwa maji, narudi kwetu, upande wa Mutomo, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Chokaa hatukuwa nayo. Siku ya mechi kila mtoto alileta jivu la jikoni kwao kwenye mkebe, tukalilowesha lisipeperuke, kisha tukachora mistari. Uwanja mzima ulinuka kama jiko la mtu aliyehama.

Mimi sikucheza. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mbuzi wa baba jioni: mara moja wakiingia zizini, mara ya pili wakishatulia. Baba alisema hesabu ya kwanza ni ya macho tu, ya pili ndiyo ya kweli. Siku moja nilipata mmoja wa ziada, nikamrudisha kwa jirani ambaye hata hakuwa amemuulizia. Baba hakufurahi sana, lakini sifa zangu zilienea.

Ndiyo maana, nikiwa darasa la saba, tulipokutana na shule ya ng'ambo ya mto, pande zote mbili zilikubali mimi, Syombua, nishike kibendera. Mwalimu wetu alinifundisha kwa dakika tano. Mpira ukipelekwa mbele, hesabu wapinzani walio kati ya mshambuliaji na mstari wa goli, kipa akiwemo. Wakiwa wawili, nyamaza. Akiwa mmoja, inua. Hakuniambia nihesabu wakati gani, nami sikuuliza. Mbuzi huhesabiwa akifika.

Pembeni aliketi mgeni, mwalimu wa michezo kutoka sekondari moja ya bweni upande wa Makueni. Alikuwa na nafasi moja ya mshambuliaji, karo imelipwa yote. Kila mtu alijua ni ya Kioko, aliyekuwa darasa la nane, au ya mshambuliaji wa wale wengine. Nyumbani ukame ulikuwa umetuachia mbuzi saba. Baba alishawauza kichwani mara nyingi, na hawakuwahi kufika muhula wa pili.

Zilibaki dakika chache, bao moja kila upande, winga wetu alipoinua kichwa. Nikahesabu: beki mmoja na kipa, wawili. Akapiga mpira. Nikahesabu tena, kama nilivyolelewa. Kioko alikuwa amemwacha beki, na mbele yake alibaki kipa peke yake. Mmoja. Alipofunga, kibendera changu, kipande cha leso ya mama, kilikuwa juu.

Refa akalikataa bao. Watu wetu waliniita majina ambayo siyaandiki hapa. Mmoja alisema hata mbuzi hawezi kumchongea mwenzake hivyo. Kioko hakubisha. Alinijia akihema, jasho na jivu vimemchanganyikia miguuni.

"Syombua, ulihesabu?"

"Mara mbili."

Akatazama chini. "Basi niliotea."

Kabla ya kipenga cha mwisho yule mshambuliaji wa ng'ambo akafunga, na mgeni akaandika jina lake.

Sasa Kioko anaziba pancha za malori hapo Kambu. Sheria aliijua tangu zamani kunishinda. Asichojua ni kwamba mimi sikuijua. Vijana wakimuuliza kwa nini hakuendelea na shule, husema alianza kukimbia mapema mno. Walipotaka kumfanya msimamizi wa vibarua wa barabara, alimpisha mwingine, akasema asije akaotea tena. Watu walicheka sana.

Mwezi uliopita nilikuwa nikinywa chai ile, televisheni ikionyesha mechi. Mtu akafunga, picha ikasimamishwa, mstari ukachorwa, bao likakubaliwa. Nikasema kwa sauti kwamba wamekosea, mbele yake si kuna kipa tu? Dereva mmoja wa lori akanigeukia kwa upole.

"Mama, haangaliwi alipofika. Anaangaliwa alipokuwa mpira ukipigwa."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Andazi la pili sikulimaliza, na nilikuwa nimelilipia.

Wawili. Hesabu ya kwanza ndiyo ilikuwa ya kweli.

Nje, hatua thelathini na moja kutoka mezani pangu, Kioko alikuwa akigonga ringi. Nilizipiga hatua hizo kwenda na kurudi, mara mbili, nikamsalimu tu. Nikimwambia, simrudishii hata siku moja ya shule, na ninamnyang'anya mtu pekee anayeamini hajawahi kumkosea. Nisipomwambia, atazeeka akijilaumu kwa mbio ambazo hazikuwa na kosa. Nimepima huku na huku, kote ni hasara.

Kwa hiyo nawauliza nyinyi: nimwambie, au ninyamaze? Nipeni wazo lenu la kwanza. La pili silitaki tena.