Macho Mazima ya Jenoveva

Jenoveva wa Magamba alikuwa na macho, jamani! Ukungu ukishuka kutoka msituni mpaka watu wanapigana vikumbo njiani, yeye anaita kutoka kwenye matuta ya karoti: "Tobia, mbuzi amekata kamba!" Ukienda unamkuta mbuzi kweli anaburuta kamba. Mumewe alizoea kusema kwamba hakuoa mke, alioa mlinzi.

Ndiyo maana mambo yaliyofuata yaliwavuruga watu vichwa. Baba yake Jenoveva, mzee Silvano, alianza kujikwaa tangu ujanani kila jua likizama, na kabla hajaota mvi alikuwa kipofu kabisa. Kwa hiyo Tobia alipotaka kupeleka posa, ndugu zake waligoma. Ukoo ule una upofu, walisema, tuulete nyumbani kwa mikono yetu wenyewe?

Aliyemwokoa ni Secilia, shangazi yake Tobia, mama mkali asiyependa maneno mengi. "Mleteni huyo binti," alisema. Magharibi moja akampeleka chemchemi, akamtwika mtungi, akamwambia apande peke yake kwa njia ya mawe huku kiza kinaingia. Ukoo mzima ulikaa juu kumngoja. Jenoveva akapanda, hakumwaga hata tone. Secilia akapiga vigelegele. "Ugonjwa umekwisha kwa baba yake. Huyu ni mzima, oeni!"

Wakaoana, Uhuru ukiwa bado mpya. Baada ya muda akazaliwa Marta, mtoto wao wa pekee, mikononi mwa Secilia huyohuyo. Yeye ndiye aliyemwogesha, akamdondoshea maziwa ya mama machoni, kama alivyowafanyia watoto wengi pale kijijini.

Marta alikuwa na miaka minane, na shamba la ujamaa lilikwisha kuanza, jioni ile waliporudi na majembe begani. Mtoto akasimama ghafla. "Mama, njia iko wapi?"

Jenoveva alicheka, akidhani ni utani. Njia si hiyo hapo, anaiona mpaka kwenye kona! Mtoto akapiga hatua moja, akatumbukia mtaroni.

Basi akalishwa karoti. Karoti mbichi, karoti za kuchemsha, mpaka viganja vikawa vya manjano, na bado kila magharibi alipiga vyungu teke jikoni. Wakampeleka Lushoto mjini kwa daktari wa macho aliyekuwa amepita siku hizo. Daktari akammulika mtoto ndani ya jicho, akauliza kama kuna kipofu katika ukoo.

"Baba yangu mimi," alisema Jenoveva.

"Basi tatizo limetoka kwake, likapitia kwako."

"Litapitiaje kwangu, daktari, nami naona?"

Daktari akakuna kichwa. "Magonjwa mengine humruka mtu, mama. Kwa nini, bado hatujui."

Ati hatujui! Siku hizi wanajua kidogo. Wanasema ndani ya mwili mna maagizo yanayorithiwa, nayo hunakiliwa kuwa ujumbe, na ujumbe huo lazima ukatwe vipande visivyotakiwa na kuungwa tena kabla haujatumika. Yapo majeni, ndiyo hayo maagizo, yanayotengeneza protini za kusaidia kazi hiyo ya kukata na kuunga. Jeni moja kati ya hayo likiharibika, jicho ndilo linaloumia. Na yuko mtu anayebeba jeni bovu maisha yake yote asijikwae hata siku moja, kwa kuwa lile zima alilopata kwa mzazi wa pili linajituma zaidi. Lakini mtoto wake akirithi lile bovu bila lile lenye kujituma, anaugua. Haya, Jenoveva angeyasikia wapi maneno hayo wakati ule? Alirudi Magamba na mtoto mgongoni, kichwa kinamzunguka.

Nyumbani Yohane, kaka mkubwa wa Tobia, alikwisha kupata jibu lake. "Macho ya mama ni mazima, sote tulishuhudia. Kwa hiyo mtoto kaharibiwa. Na nani alimgusa macho siku ya kwanza?"

Watu wakageuka kumtazama Secilia.

Shauri likaitishwa uani kwa Kristofa, mjumbe wa nyumba kumi, watu walipotoka shambani. Yohane alitaka nyumba ya shangazi yao ivunjwe, naye ahame kijiji, mwanamke wa umri ule asiye na mtoto wa kumpokea. Secilia alipoulizwa ana neno gani, alisema, "Mtoto huyu nimempakata kabla baba yake hajampakata. Sina zaidi."

Jenoveva akasimama. "Msimguse shangazi. Tatizo limetoka kwangu. Daktari amesema."

"Kwako wapi, na wewe unaona kuliko sisi sote?" Yohane alifoka. "Unamkingia kifua mchawi! Haya, jua linazama. Leteni mtungi, apande tena njia ile. Akishindwa tutaamini. Lakini akishindwa, ajue na njia ya kwao, hatukai na damu ya vipofu."

Tobia aliinamisha kichwa, akawa anabandua udongo kwenye jembe lake. Hilo lilimuuma Jenoveva kuliko makelele ya Yohane.

Akapanda na mtungi kichwani, mikono yote miwili imeushika. Masikini, aliona kila kitu! Aliona kila jiwe, aliona konokono kwenye jiwe, aliona watu wamejipanga juu na Secilia katikati yao. Bibi yule alikuwa anamtikisia kichwa polepole: usifanye, mwanangu. Naye alijiuliza, mimi ni mzima au ni mgonjwa? Nikifika salama, nitakuwa nimesema kweli au uongo? Na mawe yalikuwa yanakwisha.

Mtungi ulipasukia kwenye jiwe la mwisho. Jenoveva akaanguka juu ya vigae, akapapasa hewani.

"Kumbe!" watu wakaguna. Kristofa akatangaza kwamba Mama Secilia hana kosa, arudi nyumbani kwake. Yohane akamgeukia mdogo wake. "Umejionea. Mrudishe kwao."

Tobia akamwinua mkewe, akamshika mkono. "Twende," alisema.

Twende wapi? Jenoveva alijiacha akokotwe, goti linavuja damu. "Hapo pana jiwe," Tobia alisema, naye akaliruka jiwe alilokwisha kuliona zamani. Wakafika njia panda, ya kushoto inashuka kwa mzee Silvano, ya kulia inapanda kwao. Tobia akashika ya kulia. Jenoveva akaanza kulia.

"Nimeviona vidole vyako vikiuachia mtungi," Tobia alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo unajua nimewadanganya."

"Umewadanganya?"

"Sijui, Tobia. Haki ya Mungu, sijui."

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Marta alisimama kizingitini, uso umewaelekea wao hasa, macho ameyakodoa. Walikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa.

"Mama?" aliita. "Mbona hamrudi?"