Dirisha Jeusi la Mzee Kebo

Kliniki nzima ya macho ilimwita Bi Mbishi, naye hata hilo alilibishia. "Mimi sibishi," alisema, "nyinyi ndio hamsikii." Alikuwa fundi wa kompyuta wa pekee pale, katika chumba nyuma ya stoo ya mashuka: kiti kimoja, feni inayolalamika kutwa, na kompyuta mbili, kuukuu na mpya.

Siku hiyo kuukuu ilikuwa inaondolewa saa nane mchana. Humo ndimo ulimokaa ukurasa ambao wagonjwa huombea nafasi ya kumwona daktari. Usipohamia kwenye mpya kabla ya saa hiyo, watu watarudia kupanga foleni kwenye ngazi tangu alfajiri, wengine hata ngazi yenyewe hawaioni. Bi Mbishi aliwahi kuishuhudia foleni ile, na hakutaka kuiona tena maishani mwake.

Kwenye mpya kilikosekana kitu kimoja tu, kiunganishi. Seva ya wavuti hupokea watu mlangoni, programu ya ratiba imejifungia ndani, na kiunganishi ndicho kinachokimbia na ujumbe huku na huku. Ilibidi akiunde mwenyewe kutoka kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu. Akakiunda, kikaundika bila kosa hata moja. Akaipa seva, seva ikakikataa katakata: hii si programu halali ya Windows.

"Si halali?" akaifokea skrini. "Nimekiunda kwenye Windows hii hii, wewe ukiniangalia!"

Mtunza faili wa chumba cha pili akachungulia. "Unagombana na nani tena?"

"Na mtu asiyeelewa kitu."

"Aa, basi leo mmekutana."

Akakiunda tena na tena. Akapakua msimbo upya, akabadilisha mipangilio, akairudisha ilivyokuwa. Akazima kompyuta akaiwasha, dawa ya kila ugonjwa. Wapi! Saa saba na nusu ikafika, jasho linamtiririka na feni inalalamika tu.

"Si umpigie Mzee Kebo?" mtunza faili akamwambia.

Mzee Kebo ndiye aliyemfundisha kazi kabla ya kustaafu mwaka juzi. Tangu hapo Bi Mbishi hakuwahi kumpigia, asije akaonekana bado hajaiva. Leo akameza kiburi chake.

"Unakiunda kwenye dirisha lipi la kuandikia amri?" Mzee akauliza baada ya kusikiliza yote.

"Lile lako jeusi uliloniachia. Hata kwenye mpya nililiweka kabla ya kitu kingine chochote!" Akalisema kwa fahari kabisa.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hilo huunda vitu vya biti thelathini na mbili, vya mashine kuukuu. Seva ya hiyo mpya ni ya sitini na nne, itakipokeaje? Nilikuambia ulitupe siku ile ya kuniaga."

"Hukuniambia!"

"Nilikuambia. Ulikuwa unalia, ungesikia nini?"

Bi Mbishi akafungua dirisha la sitini na nne, ambalo lilikuwepo pembeni siku zote, akakiunda upya. Seva ikakipokea kimya kimya, kama vile hapakuwahi kuwa na ugomvi. Saa nane kasoro dakika sita ukurasa ukafunguka, na mtunza faili akapiga kigelegele hadi wauguzi wakaja mbio.

"Mzee, imekubali! Fungua kwenye simu yako ujionee!"

Sauti ya Mzee ikashuka. "Nisomee wewe. Siku hizi hata namba za kukupigia sizioni. Nikadhani na wewe umenisahau."

"Tangu lini huoni? Mbona hukuja?"

"Ukurasa wenyewe siuoni, na foleni ile ya ngazini naijua, mwanangu."

Bi Mbishi akafuta machozi kwa kiganja. Akaandika jina la Mzee kwenye nafasi ya kwanza iliyokuwa wazi.

"Alhamisi saa tatu," akasema. "Nakuja kukuchukua mwenyewe. Na usinibishie."