Siku Nilipolipaka Jiko Rangi ya Geti

Ndugu zangu, kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea, shule niliishia darasa la saba na karatasi hii nimeianza tangu juzi. Jambo lenyewe linanitia aibu mpaka leo, nikipita soko la Nakasero navaa kofia na kuinamisha kichwa, lakini kwa kuwa watu wengi wameshaniona, afadhali mlisikie kwangu mwenyewe.

Mimi natengeneza sigiri, majiko ya mkaa, kule Katwe, kwenye karakana ya mjomba wangu, mwanajeshi mstaafu ambaye wote tunamwita Afande. Mwaka jana nilifungua chaneli ya video. Naonyesha mikono tu ikikata na kugonga bati, maana uso wangu mbele ya kamera unakakamaa kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilidhani ukiweka video tu pesa zinaanza kuingia, kumbe mpaka upate wafuasi elfu moja na watu wakutazame masaa mengi sana, ndipo wanakuwekea matangazo na kukugawia kidogo. Mimi nilikuwa na wafuasi mia mbili na kumi na mbili (shangazi yangu alijiandikisha mara tatu).

Basi Sanyu, dada anayeuza matunda Nakasero na ambaye ana chaneli yake pia, akaniambia kuna njia nyingine: mwenye duka anakulipa uonyeshe bidhaa zake. Akanipeleka kwa jirani yake, Hajati, mwenye duka la vyombo, ambaye huuza majiko yetu.

"Mwanangu," Hajati akasema, "njoo Jumamosi uchemshe chai hapa mbele ya duka, mubashara, dunia ione. Ikienda vizuri nitakulipa kila mwezi."

Hiyo ingekuwa pesa yangu ya kwanza kutokana na video. Nilitembea mpaka Katwe nikicheka peke yangu.

Sasa, kwetu karakana jiko jipya huwashwa kwanza uani, liteme moshi wote, ndipo liende kwa mteja. Nikaliwasha la Hajati kama kawaida, likatoka na masizi, na nilipolitazama kwenye simu likaonekana kama limeokotwa. Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Kulikuwa na kopo la rangi ya buluu ya kupaka mageti, nikalipaka jiko lote, nje na ndani, Ijumaa jioni. Afande hakuwepo, angeniwasha kofi.

Jumamosi nikalikumbatia juu ya bodaboda mpaka Nakasero. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri (mimi sikujua). Nikasimamisha simu kwenye kijiti chake, nikatia mkaa, nikawasha, nikatokwa na jasho, nikajifuta uso kwa mikono miwili. Watu wakaanza kucheka. Nikakumbuka Sanyu aliniambia watazamaji wanapenda tabasamu, basi nikatabasamu sana.

Moshi ukaanza. Mweusi, mzito, wenye harufu ya kuchoma kiatu. Nikadhani mkaa una maji, kwa hiyo nikapepea kwa nguvu zaidi.

"Ssebo, bwana, unapika chai au unapika tairi?" mwuza nyanya akauliza huku anakohoa.

"Itatulia!" nikasema, nikapepea.

Rangi ikatoa mapovu, kisha ikashika moto. Mtu akapiga kelele, "Moto! Moto!" Mwuza nyanya akaruka juu ya nyanya zake mwenyewe, simu yangu ikapigwa teke, na askari wa jengo akatoka mbio na mtungi wa kuzimia moto, akafumba macho, akapuliza. Unga wa mtungi ulipotulia, jiko lilikuwa limezimika na Hajati, aliyekuwa amevaa buibui jeusi kabisa, alikuwa mweupe kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

Akajipangusa unga machoni. "Na chai iko wapi?" akauliza.

Nilikimbia, nikaacha jiko, birika na kiatu kimoja.

Simu yangu ilikuwa imeanguka chali, kwa hiyo wafuasi wangu waliona dari tu na kusikia makelele. Lakini Sanyu alikuwa amerekodi kila kitu kutoka kwenye meza yake ya maembe. Video yake ilitazamwa sana hivi kwamba ndani ya siku chache akafungua mlango ule wa matangazo ninaougonga mimi mwaka mzima, kwa uso wangu wa buluu unaotabasamu. Nilipomuuliza kuhusu fungu langu akacheka, akanipa embe. "Kaka, anayelipwa ni mwenye chaneli," akasema.

Nimejifunza, na nimeapa mbele ya Afande: rangi ya geti ibaki kwenye geti.

Ila juzi Hajati alinipigia. Watu wanakuja dukani kuulizia "yule kijana wa buluu" na wanaondoka na sigiri. Yuko tayari kunilipa kila mwezi, kwenye chaneli yangu mwenyewe, kwa sharti moja: kila Jumamosi nije na uso ule ule. Anataka jibu Ijumaa. Afande anasema nikubali, moyo wangu unasema nijifiche chini ya kitanda. Ndugu zangu, mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Tafadhali niandikieni, mniambie ukweli, kabla ya Ijumaa.