Msimu Ambao Koko Hakuuamini

Juzi nilikuwa kituo cha treni cha Seven Hills, nimetoka zamu ya usiku hospitalini, miguu imenivimba, nikafungua simu ili nisisinzie. Nikakuta timu yetu ya hoki ya barafu imetoa taarifa ya kuelekea msimu mpya. Unazijua taarifa za namna hiyo, rafiki yangu. Kikosi kimeimarika. Kipa mpya ni ukuta. Vijana wana uchu wa ushindi, kocha analala akiota kombe. Halafu mwisho kabisa, mstari mmoja: majeruhi wote wamepona na wako tayari. Hapo nikasita. Treni ilikuja, ikafungua milango, ikaondoka, nami nimesimama palepale nikiurudia ule mstari. Wote? Hata mmoja hasikii maumivu?

Sikuzaliwa na shaka hii. Nimeirithi kwa Koko.

Koko ni nyanya yetu. Sisi watu wa Bukavu hatumwiti nyanya "bibi", maana kwetu bibi ni mke wa mtu, na ukimwita hivyo mama mzima, atakuuliza umemwoa lini. Tulipofika Sydney nikiwa bado mdogo, tulipanga nyumba ya mbao huko Merrylands. Baba alifanya kazi kwenye maghala ya Port Botany, mama alitunza wazee, na sisi watoto tulitunzwa na Koko. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja mrefu wa nyasi. Haukupita muda nyasi zikang'olewa, Koko akapanda lengalenga, ule mchicha wetu, na vitunguu. Asubuhi za Jumamosi sombe, yaani kisamvu, ilikuwa inachemka tangu tulipoamka, nyenje wanapiga kelele mitini hadi masikio yanauma, na harufu ya samaki wakavu inavuka uzio kwenda kwa jirani wa kushoto, ambaye alikuwa akifunga madirisha moja baada ya jingine, kwa adabu kabisa, bila kusema neno.

Mwisho wa uwanja huo palikuwa na kijumba cha chumba kimoja ambacho mwenye nyumba alikipangisha kwa mtu mwingine. Siku moja ya joto kali akahamia humo mzungu mrefu kutoka Kanada. Mabega kama mlango, kovu juu ya nyusi, na mbele kinywani pengo la meno mawili. Begani alibeba begi refu jeusi, na ndani ya begi kulikuwa na vitu vilivyogongana kila alipopiga hatua.

Koko aliacha kupalilia akasimama.

"Mutu mwenye hana meno na anacheka kila saa," alisema, "ujiulize kwanza nani aliyang'oa."

Usimcheke. Kule tulikotoka, mwanamume mwenye begi refu begani hakuwa amebeba kitu cha kuchezea. Koko alituonyesha mstari wa mwisho wa vitunguu: mtoto wa nyumba hii asiuvuke. Kuanzia siku ile akahamishia kiti chake dirishani. Jirani huyu mpya alitoka jioni na begi lake, akarudi akichechemea, mara jicho limevimba, mara mdomo umepasuka, na asubuhi alitupungia mkono kana kwamba hakuna lililotokea. Koko hakumpungia. Alimwambia baba kwamba mtu huyu anapigana kwa ajili ya mtu fulani, na siku moja hao aliowapiga watakuja kumtafuta na watakosea mlango.

Baba, ambaye hakupenda maneno, mwishowe alivuka vitunguu akamuuliza. Jirani akacheka, akalifungua begi palepale kwenye nyasi. Kulikuwa na magongo, kofia ya chuma, makinga ya miguu na viatu vyenye visu chini. Harufu iliyotoka humo ilikuwa kama ya mbuzi aliyelowa mvua wiki nzima. Akaeleza kwamba yeye ni mchezaji wa kulipwa, ameletwa na timu ya hoki ya barafu kwa msimu mmoja.

Nilimfasiria Koko. Mimi ndiye niliyekuwa mfasiri wa nyumba, kwa kuwa Koko alisema Kiingereza hakimwingii.

"Barafu? Mu inchi ya joto namna hii?" Koko aliuliza. "Wapi!"

Ndipo jirani akatualika mazoezi ya wazi kabla ya msimu. Nje lami ilikuwa inalainika kwa jua, na Koko alikwenda amevaa kitenge, sweta mbili na koti la baba, watu wanamtazama kituoni. Mlango wa ukumbi ulipofunguliwa, baridi ilitupiga usoni kama maji. Sijasahau sauti ile ya visu vikikwaruza barafu, wala mlio wa kile kisahani cheusi wanachokigombea kinapogonga ubao, ambao ulimfanya Koko aniinamishe kichwa mara mbili kabla hajazoea. Mazoezi yalipokwisha, wakaruhusu watu wasogee ukingoni. Koko akagusa barafu kwa kidole, kisha akakilamba kidole.

"Barafu ni ya kweli," akasema. "Mutu bado."

Hata hivyo alilegea. Ilianza kwa sahani ya ugali na sombe, ikawa desturi. Jumamosi alasiri jirani alivuka vitunguu, akakaa kwenye ngazi ya chini ya mlango wa nyuma, Koko kwenye kiti chake akichambua mboga, nami katikati. Hapo ndipo msimu ulipochambuliwa kwa kina kuliko gazetini. Jirani alisema kipa wao siku za kazi ni fundi bomba lakini langoni ni chui. Alisema mabeki wawili ni ndugu wa damu ambao hawasemezani. Alisema mabingwa wa Melbourne wamezeeka na mwaka huu watashuka.

Koko alisikiliza kila tafsiri, macho yakiwa kwa jirani, hata siku moja si kwangu.

"Muulize, hao ndugu hawasemezani, ile kisahani wanapeana namna gani?"

Jirani alicheka hadi akashika mbavu.

"Muulize, hao wazee wa Melbourne, mwaka jana waliwafunga ao hawakuwafunga?"

Waliwafunga. Na mwaka ule wakawafunga tena. Koko hakujigamba. Aliongeza mboga kwenye sahani ya jirani, na majira ya baridi, ambayo hapa ndiyo msimu wa hoki, yalipokwisha, jirani akarudi kwao.

Msimu uliofuata timu ilimleta tena, kijumba kilekile. Nilimkimbilia hadi kwenye vitunguu. Koko naye alifurahi, ingawa alificha. Alikaanga mandazi siku ambayo haikuwa ya mandazi. Jumamosi ya kwanza jirani alituambia kwamba huu ndio mwaka wenyewe. Amefanya mazoezi kwao hadi theluji ikayeyuka. Hajawahi kuwa na nguvu hivi.

Nilifasiri kwa furaha. Koko alikuwa anamtazama alivyokaa. Hakukaa kwenye ngazi; aliomba kiti. Alipoinuka aliegemea ukuta kwanza, kisha akaunyoosha mguu wa kulia polepole, kama mtu anayefungua mlango asitake kuamsha watoto.

"Muulize kama goti inamuuma."

Nikauliza. Jirani alisema hapana.

"Muulize tena."

Nikauliza tena. Safari hii alitabasamu, akanishika kichwa, akasema niwaambie watu wote wa nyumba hii kwamba goti lake ni zima kama la mtoto.

Nililifasiri neno kwa neno. Koko akakusanya mboga zake, akaingia ndani, na Jumamosi iliyofuata hakukuwa na sahani ya jirani. Mama alimwambia ni mambo ya mtu na mwili wake, tuyaache. Koko alikataa.

"Goti ni yake," alisema. "Lakini ananidanganya na kinywa ya mutoto wangu. Ile ndiyo sikubali."

Sikumwelewa. Niliona aibu tu, na nilianza kumchunguza jirani kama Koko alivyomchunguza. Nikaona alivyoanika nguo akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Nikaona mifuko ya barafu, ile ya kununua dukani, aliyoiingiza chumbani kila alipotoka mazoezini. Usiku nililala nikijiuliza ni maneno gani mengine ambayo watu wamenipa niyabebe, nami nikayabeba bila kujua ndani yake kuna nini.

Wiki moja kabla ya mechi ya kwanza, kocha alikuja kumchukua jirani kwenda kupigwa picha ya timu. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye sauti iliyozoea kelele. Alimkuta Koko uwanjani, akamwamkia, kisha akanigeukia mimi kwa mzaha: mama huyu anasemaje, tutachukua kombe mwaka huu?

Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake, amevaa jezi mpya. Alinitazama, kisha akamtazama Koko. Sijawahi kuona mtu mkubwa namna ile akiwa mdogo namna ile. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa hofu yake: mchezaji wa kigeni asiyecheza hana la kufanya hapa, atapandishwa ndege, na kwa umri wake hakuna timu nyingine ambayo ingemwita.

Koko alipangusa udongo mikononi.

"Mwambie," alisema, "mimi siyajui ya timu. Amuulize huyu kijana wake. Huyu ndiye atamwambia ukweli."

Nilifasiri. Kocha alicheka, akamgeukia jirani, na kicheko kikafia njiani. Ndege mmoja alipiga kelele juu ya uzio. Kisha jirani akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ni goti, na limekuwa hivyo tangu kwao.

Jioni ile alivuka vitunguu akaja hadi kwenye ngazi. Hakukaa. Aliniambia kwa Kiingereza: mwambie nyanya yako ameniondolea msimu wangu wa mwisho.

Ningeweza kuyalainisha, lakini nilikwisha kuona madhara ya maneno yasiyo ya kweli kupita kinywani mwangu. Nikayasema kama yalivyo.

"Mwambie nimesikia," alijibu Koko.

Kesho yake alimpelekea chakula. Sahani ikarudi vilevile, nzi juu yake. Akapeleka tena. Madaktari walimpasua goti, timu ikaleta kijana mwingine kuchukua nafasi yake, na kwa kuwa hakuweza kusafiri, wakamwacha akae kijumbani hadi apone. Sahani ziliendelea kwenda. Sijui ilikuwa ya ngapi iliporudi tupu. Kisha asubuhi moja tukasikia magongo ya kutembelea yakigonga njia ya saruji, naye akatokea mwenyewe, sahani imeoshwa, ameibana kwapani. Koko akaniambia nimletee kiti.

Tulikwenda naye kutazama mechi moja. Alikaa kati yangu na Koko, mguu umenyooshwa, akinong'ona nani acheze wapi. Timu ilifungwa vibaya. Mwaka ule walimaliza karibu na mkia, na wale mabeki ndugu nasikia walipatana.

Baridi ilipokwisha, mguu wake ulikuwa umepona. Siku ya kuondoka, gari likimngoja barabarani, alikwenda kumuaga Koko penye vitunguu. Nilivaa viatu haraka ili niende nikafasiri. Koko akaniona nikija, akainua mkono: baki huko huko.

Nilibaki kwenye dirisha la jikoni. Nikawaona wakizungumza. Si salamu, si kushikana mikono tu. Walizungumza muda mrefu. Jirani alisema kitu kirefu, Koko akajibu, jirani akatikisa kichwa, Koko akacheka akafunika mdomo. Kisha yule mtu mkubwa akainama, na Koko akamshika mashavu kwa mikono yake yote miwili. Niliwabebea maneno misimu miwili nikiamini bila mimi wasingesikilizana.

Nilipomuuliza walizungumza kwa lugha gani, Koko alisema, "Ile ya watu wakubwa."

Ni hapo nilipoanza kumshuku yeye mwenyewe, na hadi leo sijaacha. Huenda Kiingereza kilimwingia siku nyingi. Huenda kila nilipofasiri alikuwa amekwisha sikia, na ule muda wa kunisubiri aliutumia kumtazama mtu usoni. Na kama ni hivyo, basi siku ile ya kocha alikuwa akinisikiliza mimi pia, aone kama nitafasiri sawasawa au nitamfichia rafiki yangu.

Koko alitutoka miaka mingi iliyopita. Nyumba ya mbao imebomolewa, pamejengwa ghorofa, na penye lengalenga ni maegesho ya magari. Jirani alikuwa akitupigia simu kutoka kwao, kisha akaacha, na namba yake haipatikani. Wanangu wanakisikia Kiswahili vizuri, wananijibu kwa Kiingereza, na nyumbani kwangu hakuna mtu anayehitaji mfasiri. Tunaelewana upesi sana. Mara nyingine, mmoja wao akiniambia kwamba shuleni kila kitu kiko sawa, nanyamaza kidogo kabla ya kumjibu, kana kwamba nangoja mtu amalize kunifasiria, nami namtazama usoni.