Shahidi Tuliyemtunzia Mahakama Kubwa

Nakumbuka siku moja ukoo wetu mzima ulivyoteremka mahakamani, Mwanza mjini, tumependeza utadhani tunapeleka mahari. Cheka tu, mwanangu, hata mimi nacheka. Wanawake tulivaa vitenge sare. Baba mdogo wangu alivaa suti ya ndoa yake, vifungo vimeshagoma kukutana. Na katikati yetu alikuwa Mzee Masanja, tumemshika huku na huku, tunamwongoza taratibu kama bibi harusi. Majaji wa Mahakama ya Rufani walikuwa wamekuja kutoka Dar kufanya kikao chao, na siku hiyo ilikuwa zamu ya kesi ya shangazi yangu, Kabula.

Shangazi alikuwa mjane. Yeye na marehemu mumewe walijenga Igoma, nyumba ya kawaida tu, na mbele wakaweka kibanda cha kushonea nguo. Kibanda hicho ndicho kilichowavisha na kuwasomesha wanawe. Mume alipofariki, hata machozi hayajakauka, shemeji yake akaibuka: "Kiwanja ni changu, kaka nilimwazima tu." Wakafikishana kwenye baraza la ardhi, shangazi akashindwa. Akakata rufaa Mahakama Kuu, akashindwa tena. Ikabaki hiyo Rufani, na juu ya Rufani hakuna mlango mwingine wa kubisha. Akishindwa pale, anabeba cherehani yake na watoto wake, anatoka.

Sasa sikia akili zetu. Mzee Masanja alikuwa jirani. Siku marehemu anauziwa kile kiwanja, mzee alikuwepo, na minyaa ya mpakani waliipanda pamoja, yeye na marehemu. Hakuna aliyeijua habari ile kuliko yeye. Na sisi barazani hatukumpeleka! Baba mdogo alikataa katakata. "Kile kichumba chenye benchi moja?" akasema. "Mzee mzima kama Masanja unampelekaje pale? Shahidi mkubwa tunamtunzia mahakama kubwa." Baba mdogo alikuwa mtu wa mpira, hakosekani uwanjani Kirumba, na aliamini kesi inapangwa kama timu: mchezaji hatari unamweka benchi, unamwingiza mwishoni wapinzani wakiwa hoi. Tukamwona ana kichwa kweli kweli. Hata mimi, niliyekuwa nauza dagaa sokoni Mwaloni na kujiona mjanja wa mjini, nilimpigia makofi.

Basi tukaingia. Mbele wakakaa majaji watatu. Pale juu hawaachi jambo kwa mtu mmoja, mwanangu; wanakaa watatu ili wakitofautiana, wawili waamue. Aliyekaa katikati alikuwa mama mmoja mwenye miwani, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na kitabu kinene chenye yote yaliyoandikwa kwenye kesi huko chini. Shangazi hakuwa na wakili. Alipoambiwa aseme, akasimama kama baba mdogo alivyomfundisha: "Waheshimiwa, mimi sina maneno mengi. Nimemleta shahidi wangu."

Mzee Masanja naye akainuka, fimbo mkononi, koo keshalisafisha.

Yule mama jaji akavua miwani. "Mzee wetu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mzee, kwa sauti ya mtu aliyeko nyumbani kwake. Mahakama nzima ikacheka, na majaji nao wakacheka.

Kisha jaji akamgeukia shangazi, na alichosema sijakisahau. "Mama, hapa hatusikilizi mashahidi. Mashahidi husikilizwa kule mlikoanzia. Sisi tunasoma yaliyosemwa kule, tunaangalia kama waliotangulia waliamua kwa haki na kwa kufuata sheria. Huyu mzee hakusema lolote barazani. Sasa tutamlaumuje mwenyekiti wa baraza kwa jambo ambalo hakuambiwa?"

Weeh! Nilimwona baba mdogo anatafuta pa kuangalia. Mzee Masanja akakaa chini, hotuba yake yote imemkwama kifuani, na shangazi akashika meza. Niliogopa, mwanangu. Niliona watoto wa shangazi wakiwa barabarani na masufuria yao, na sisi wenyewe, kwa ujanja wetu, ndio tuliowatoa.

Lakini wale majaji walikuwa wamesoma kila karatasi kabla hatujafika. Jaji wa kushoto akauliza: "Mama, kule barazani walikuwepo wazee wa baraza wa kumshauri mwenyekiti. Kabla ya hukumu, maoni yao yalisomwa ninyi mkiwepo?"

Shangazi akafikiri. "Mheshimiwa, sisemi uongo. Mmoja alikuwa anasinzia. Sauti ya yeyote kati yao sikuisikia."

Wakamuuliza shemeji, naye akakiri: hakusikia. Majaji wakatazamana, wakaandika, wakasema tutaitwa siku ya hukumu.

Siku hiyo hukumu ilisomwa kwa Kiingereza, hatukuambulia kitu. Shangazi alipoona shemeji yake amenuna akafurahi, alipomwona karani hatabasamu akaanza kulia. Ikabidi karani atufafanulie koridoni. Sheria inataka maoni ya wazee yasomwe mbele ya wenye kesi, na hayakusomwa. Kwa hiyo yote ya barazani yamefutwa, na ya Mahakama Kuu nayo yamefutwa, maana yalikalia msingi huo huo. Hakuna aliyeshinda. Kesi inarudi chini, ianze upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine.

"Kwa hiyo bado nina nyumba?" shangazi akauliza.

"Bado una kesi, mama," karani akamjibu.

Baba mdogo akakohoa. "Sasa sikilizeni, safari hii Mzee Masanja tumweke..." Hakumaliza. Shangazi alimkata jicho, mwanangu, jicho ambalo sikuwahi kuliona kwa mtu aliyefiwa. Akamshika Mzee Masanja mkono yeye mwenyewe, na kesi ilipoanza tena akampeleka kwenye kile kile kichumba chenye benchi moja. Mzee akaeleza yote, kuanzia siku ya mauziano hadi mche wa mwisho wa minyaa. Shemeji akamuuliza maswali asubuhi nzima, mzee anajibu tu, na jibu moja likawa zuri kiasi kwamba mzee mmoja wa baraza aliguna kwa kuridhika. Maoni yalisomwa, tena kwa nguvu. Shangazi akashinda.

Shemeji hakukubali. Alikata rufaa Mahakama Kuu, akashindwa, akapanda tena Rufani. Ilichukua muda mrefu, na kesi ilipofika juu, Mzee Masanja tulikuwa tumeshamzika. Lakini maneno yake yalikuwemo kwenye kile kitabu kinene, neno kwa neno, na majaji watatu waliyasoma. Wakasema hawaoni sababu ya kutengua uamuzi wa chini. Shangazi yuko Igoma hadi leo, na nguo niliyovaa hii kashona yeye.

Sasa nakuja kwako. Juzi nilikusikia ukimwambia mkeo kwamba kwenye hiyo kesi yako ya baraza la kata huna haja ya kumpeleka yule mama jirani anayeujua mpaka wenu, eti ni kibaraza tu, yeye utamtoa mkifika mbali. Mwanangu, mbali wanasoma ulichosema karibu. Mpeleke. Sema ukweli wako wote siku ya kwanza, hata kama mezani kuna mtu mmoja na kalamu inayokwama, na hakikisha umeandikwa. Mwenzako naye mwache aulize, maana ukweli usioulizwa maswali hauna uzito. Na usiwe na matumaini ya kuokolewa kama sisi. Tuliokolewa na kosa la watu wengine, na hilo halipangwi. Tena usingoje. Wanaotujua vizuri ni wazee, na wazee, nikiwemo mimi, hatukai benchi muda mrefu.

Haya, nenda. Mungu akupe ulimi mnyoofu na wasikilizaji wasiosinzia. Akulindie nyumba yako, watoto wako walale humo bila hofu. Na huyo mama jirani, kampigie simu sasa hivi, nikiwa nasikia.