Juzuu Iliyoachwa Wazi

Leo mwanafunzi wangu ameunguza karatasi maabara, na harufu ile imenirudisha Tabora, kwenye mkeka wa chuo cha Kurani.

Mwalimu wetu, Mola amrehemu, alitoka kumsikiliza mjumbe wa nyumba kumi. Miwani yake yenye vioo vinene aliiacha dirishani, juu kidogo ya juzuu yangu. Nami sikuifunga juzuu. Ghafla moshi ukapanda, aya ikatoboka mbele ya macho yangu.

"Shetani kaisoma!" wenzangu wakapiga kelele, maana tulionywa kwamba juzuu ikiachwa wazi, shetani huisoma. "Mwalimu, huyu binti kamleta shetani!"

Mwalimu akaingia na fimbo. "Kesho usije tena."

Hapakuwa na chuo kingine kilichopokea wasichana. Lakini kabla ya moshi nilikuwa nimeona nukta kali ya mwanga juu ya aya. Nikaishika miwani juani, juu ya ukindu uliochomoka mkekani. Ukindu ukafuka moshi.

Fimbo ikamponyoka Mwalimu. "Subhanallah! Miaka yote hii nimevaa moto usoni?"

Akasogea, akanipisha kwenye mkeka wake.

"Keti hapa, mwanangu. Nionyeshe tena."