Soli Nilizomtengenezea Dada

Mimi ni fundi viatu hapa Majengo, mjini Sumbawanga. Nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nusu nilikuwa shambani. Naandika haya kwa sababu dada yangu amekatwa mguu wa kushoto, na soli alizokuwa akivaa ndani ya gambuti za mpira nilizitengeneza mimi. Wapo wanaosema soli zangu ndizo zilizomponza. Wapo wanaosema sukari ndiyo iliyomponza na mimi najitafutia lawama bure. Nimejaribu kuwasikiliza wote. Nikiandika labda nitajua. Labda pia nitajidanganya vizuri zaidi, maana mwandishi ndiye anayechagua cha kuweka na cha kuacha.

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mmoja. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, kule kwetu Mollo. Watu husema alichelewa kuolewa kwa ajili yangu. Mwenyewe anasema alichelewa kwa sababu waliokuja kuposa walikuwa wavivu. Sasa ni mjane, watoto wake wanaishi mbali, na shamba analima mwenyewe.

Alipokutwa na sukari nilimsindikiza kliniki. Daktari alimgusa nyayo kwa kijiti chembamba, akamwambia afumbe macho na aseme akiguswa. Mimi nilikuwa naona kijiti kikimgusa mara ya tatu, ya nne, na dada bado anasubiri kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Mama, miguu yako haisikii vizuri tena," daktari akasema. "Ikae mikavu, ipate hewa. Kidonda kikianza hutakijua."

"Nikivaa ndala?"

"Ndala hapana, utajikata."

"Gambuti?"

"Gambuti zinafungia jasho, ngozi inalainika. Punguza."

Dada akanigeukia. "Unasikia, mdogo wangu? Daktari anataka nilimie kitandani."

Daktari akacheka, na sisi tukacheka. Lakini alichosema dada kilikuwa kweli. Kwetu Ufipa tunalima matuta ya mviringo, intumba, na unayapiga mvua ikiwa bado inanyesha. Unakata udongo pamoja na majani yake, unaugeuza, majani yanabaki ndani yaoze, yawe mbolea. Kuanzia asubuhi mpaka saa nane umesimama kwenye matope na majani mabichi. Bila gambuti huwezi, na ndani ya gambuti mguu unaiva.

Tukiwa tunatoka pale kliniki nikamwambia, "Dada, nitakutengenezea soli inayopitisha hewa." Hakuwa ameniomba. Mpaka leo najiuliza kama nilisema kwa kumhurumia au kwa kutaka nionekane fundi mbele yake.

Soli ya kwanza niliikata kwenye kipande cha godoro, nikaitoboa matundu mengi. Ilikuwa laini, mguu unapenda. Siku ya tatu ilikuwa imenyonya jasho lote na hailiachii. Dada aliikamua mbele yangu kama anakamua nguo. "Hii umenitengenezea ya kuogea," akasema.

Ya pili niliikata kwenye soli za ndala zilizochakaa, nikatoboa kwa msumari wa moto. Haikunyonya maji, lakini hewa itoke wapi? Gambuti ni chupa. Ukitoboa matundu ndani ya chupa iliyozibwa hujafanya kitu.

Mwenzangu ninayekaa naye kibarazani, naye fundi, alinitazama wiki nzima halafu akashindwa kuvumilia. "Oya, mzee, si umuwekee feni tu? Betri aifunge kiunoni."

"We cheka."

"Sicheki. Nawaza waya utapita wapi."

Alikuwa anatania, ila neno lake la waya kupita lilinisaidia, na ni haki niseme hivyo. Ya tatu nilichimba mifereji upande wa juu wa raba ile ile ya ndala, kutoka kisigino mpaka vidoleni. Kwenye kisigino nikachimba shimo kama kifuniko cha soda, na kutoka kwenye shimo lile nikapandisha mpira mwembamba, ule wa dripu, nyuma ya kifundo mpaka mdomoni mwa gambuti. Juu ya mifereji nikashonea kitambaa cha gunia la katani. Ukikanyaga, kisigino kinasukuma hewa mbele. Ukiinua mguu, kinavuta nyingine kutoka nje. Nusu ya hewa ilirudi ilikotoka, sitaki kudanganya. Lakini nusu nyingine ilipita.

Nilijipima mwenyewe kwanza. Mguu wa kushoto niliweka soli yangu, wa kulia sikuweka kitu, na ndani ya kila soksi nikatia kipande cha karatasi ya daftari. Jioni karatasi ya kulia ilikuwa uji, ya kushoto imelowa pembeni tu. Nikawaza, labda mguu wangu wa kushoto hautoi jasho sana. Kesho yake nikabadilisha. Ikawa vilevile kwa upande mwingine. Nilifanya hivyo siku sita. Sijawahi kuwa na uhakika na jambo kama nilivyokuwa siku ile ya sita, na nadhani ule uhakika ndio ulionifanya nisiendelee kuwaza.

Nilimpelekea dada Jumapili baada ya misa. Akazivaa, akazunguka uwanja mara mbili, akapiga mguu chini kama askari.

"Inapiga miluzi," akasema.

"Ni hewa hiyo, dada."

"Basi nyoka wote watanikimbia."

Nikampa maelekezo. Avae soksi ya pamba. Aangalie nyayo kila siku, na kama haoni vizuri amwombe jirani. Na kila jioni atoe soli ndani ya gambuti azikaushe. Maneno yangu yalikuwa hayo hayo: "Uzitoe, uzikaushe." Akasema sawa.

Mwezi wa kwanza wa soli hizo ulikuwa mzuri, lazima niuandike pia. Dada alipiga matuta mengi kuliko mwaka uliotangulia. Kliniki daktari alitazama katikati ya vidole akasema ngozi ni nzuri. Dada akamwambia, "Ni huyu hapa, mdogo wangu, ndiye aliyenitolea miguu kwenye chupa." Nilitazama chini, lakini nilifurahi. Wakulima wawili wa kule Mollo walikuja Majengo kuniulizia. Nilianza kuchora soli kwenye daftari, za kulia na za kushoto, za wanene na za wembamba.

Sasa nafika pale nisipopapenda.

Wakati wa masika kule kwetu jua ni la kubahatisha na baridi haitoki. Hakuna anayeanika viatu nje. Jioni gambuti zote za nyumba zinaingizwa jikoni, zinageuzwa juu chini kwenye vijiti kuzunguka mafiga, na asubuhi unavaa kiatu chenye joto. Nimekua hivyo. Dada mwenyewe ndiye aliyekuwa akiniwekea viatu vyangu vya shule karibu na moto. Lakini nimekaa mjini miaka mingi, napikia mkaa, na soli zangu za majaribio nilizianika kibarazani. Nilipomwambia azikaushe, mimi niliona kibaraza. Yeye aliona mafiga. Hakuna aliyekosea kusikia. Kila mtu alifanya anachokijua.

Raba ya ndala ikipata moto kidogo kidogo kila siku haiyeyuki ukaona. Inakaza. Kingo za mifereji yangu, zile nilizozichonga kwa kisu nikajisifu kwa ukali wake, zilikauka zikawa ngumu kama kucha, zikajikunja kwenda juu. Kitambaa cha gunia kikachakaa mahali pale pale. Mtu mwenye nyayo zinazosikia angevua kiatu hatua ya kwanza. Dada alilima nacho.

Jumamosi moja, akinawa miguu kwa ajili ya Jumapili, aliona soksi ya kushoto ina doa. Chini ya kidole kidogo palikuwa na kidonda, upana wa kifungo cha shati. Hakuniambia. Aliosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akaenda misani. Alikaa nacho wiki mbili na zaidi. Nilijua siku jirani yake aliponipigia simu akasema, "Njoo umwone dada yako, chumba kinanuka."

Nilipofika alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu juu ya gunia, anachambua maharage.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Kwa nini hukusema?"

Aliendelea kuchambua. "Ungeacha kuzitengeneza," akasema. "Na wale watu wawili walikuwa wameshakuulizia."

Nilikwenda jikoni nikaziona soli kwenye jiwe la figa, zimepangwa vizuri, ya kushoto na ya kulia, kama nilivyomwagiza. Nilipitisha kidole kwenye mifereji. Nilijikwaruza.

Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Walikata kidole kwanza. Baadaye wakasema kidonda kimepanda, wakakata chini ya goti. Wauguzi walimhudumia vizuri, na daktari alituchorea mguu kwenye karatasi akatueleza, ingawa angeweza kuagiza tu. Nilimpelekea soli ile kwenye mfuko. Nilimwomba aniambie ukweli.

Aliigeuzageuza. "Inawezekana," akasema. "Lakini kidonda cha namna hii kinaanza na lolote. Kokoto. Mshono wa soksi. Na kama angekuja wiki ya kwanza..."

"Hakuja kwa sababu yangu."

"Hakuja kwa sababu hakusikia maumivu, mzee."

Nilishukuru, lakini nilishaipima. Kabla hawajamkata, muuguzi alipokuwa anabadilisha bandeji, niliomba niweke soli chini ya mguu bila kugusa. Ukingo wa mfereji wa nje ulifika karibu na kidonda. Karibu. Haukulala juu yake sawasawa. Ulipishana nacho kama upana wa penseli. Ndani ya gambuti mguu unateleza, kwa hiyo upana wa penseli si kitu. Au ni kitu. Hapo ndipo nilipokwama na sijatoka. Kama ungelala sawasawa ningejua nimemkata dada yangu. Kama ungekuwa mbali ningelala usingizi.

Mwenzangu wa kibarazani siku hizi hatanii. Aliniambia, "Usijitwishe. Yeye ndiye aliyeweka motoni." Kweli ndiye. Na kweli hakuna aliyemwambia asiweke. Na kweli kama nisingetengeneza kitu chochote angelima na gambuti tupu, na labda mguu ungeoza mwaka ule ule, labda mapema zaidi. Haya yote ni kweli kwa pamoja, na yakijumlishwa mguu haurudi.

Wale wakulima wawili niliwaambia sitengenezi tena. Mmoja alikasirika kidogo, akasema mjini tunaringa. Sikumweleza.

Dada yuko nyumbani. Anatembea kwa magongo mawili mpaka uwanjani, na matuta aliyoyapiga mwaka jana anayaona kutoka mlangoni, yameanza kuota nyasi juu. Jirani amepanda maharage kwenye machache. Mengine yamebaki hivyo hivyo.

Wiki tatu zilizopita aliniambia, "Nitengenezee ya kulia."

"Dada, hapana."

"Mguu ninao mmoja na unatoa jasho la miwili. Nitengenezee."

Nilikaa na ombi hilo siku nyingi. Nikichonga mifereji, kuna kingo. Nikiondoa kingo, hakuna mifereji. Nilijaribu kuzisugua kwa msasa mpaka zikawa mviringo, nikaona hewa haipiti tena. Nilitafuta kitu laini kisichonyonya maji na kisichokaza, na kwenye biashara yangu ya viraka sikijui. Labda kipo mahali. Fundi mwenye shule angekijua. Mwishowe nilimkatia kipande cha ngozi laini, bapa, hakina kitu, nikampelekea Jumapili iliyopita.

Alikiingiza kwenye kiatu, akasimama kwa magongo, akaegemea mguu ule. Akasikiliza.

"Hii haipumui," akasema.

"Ndiyo, dada. Haipumui."

Akatazama shambani. "Haya," akasema, "ni nzuri tu. Laini." Kisha akaketi, akaniambia nimvue kiatu nimwangalie vidole, maana yeye hainami tena mpaka chini. Nikapiga magoti. Kati ya kidole cha nne na cha tano ngozi ilikuwa nyeupe, imelainika, imeanza kuachia. Nilipafuta kwa kitambaa kikavu, nikapapepea kwa daftari langu.

"Pakoje?" akauliza.

Nikamwambia palivyo.